Hamlet bila sauti, kwa piano iliyopigwa papo hapo ukumbini mjini Lubumbashi

Onyesho lilifanyika Jumamosi jioni katika ukumbi mdogo ulio mwendo mfupi kutoka Poste, yaani ofisi ya posta, kwa kiingilio cha faranga 15,000. Filamu yenyewe ni Hamlet ya mwaka 1921, iliyoongozwa nchini Ujerumani na Svend Gade na Heinz Schall, na nafasi ya mwana wa mfalme imeigizwa na Asta Nielsen wa Denmark. Anayekwenda akitarajia tamthilia ya Shakespeare ilivyo atashangaa, kwa sababu watengenezaji walifuata hoja ya Mmarekani Edward P. Vining, aliyeandika mwaka 1881 kwamba Hamlet alikuwa mwanamke. Kwa hiyo hapa malkia anajifungua binti, lakini anatangaza kuwa ni mvulana ili kiti cha enzi kisiponyoke.

Siri hiyo ndiyo mpiga piano aliyoijengea muziki wake wote, naye aliibeba kwa ustadi. Tangu tangazo la uongo lilipotolewa, mkono wake wa kushoto ulishikilia noti mbili nzito za chini. Na kila Hamlet alipomtazama rafiki yake Horatio kwa namna ambayo hakuna mtu katika jumba la kifalme aliyeielewa, noti zilezile zilirudi, lakini sasa zikiwa juu na nyepesi, kiasi kwamba hata kijana aliyekaa mbele yangu, ambaye alikuwa akichezea simu, aliinua kichwa. Mwishoni, Horatio anapogundua mbele ya maiti kwamba rafiki yake alikuwa mwanamke, mpiga piano aliondoa mikono yake kabisa, tukabaki tukisikia feni ya projekta. Wengine wangemimina huzuni yote hapo, kama mtu anayeongeza sukari kwenye chai iliyokwisha kukolea.

Alipopwaya ni pale Hamlet anapomlevya ami yake, mfalme Claudius, na kuuteketeza ukumbi wa karamu. Vishindo vilikuwa vingi mno, na noti za juu za piano ile ya zamani, ambayo mbao zake zimeshiba unyevu wa masika, zilitoka zikiwa zimepinda. Katika sehemu za taratibu kasoro hiyo haikusumbua. Katika moto iliumiza masikio. Ukumbi unaotoza kiingilio unapaswa kumwita fundi wa kuirekebisha piano kabla ya onyesho.

Maandishi ya Kifaransa yaliyokuwa yakitokea kati ya picha yalisomeka vizuri, na mpiga piano alikuwa na busara ya kupunguza sauti kila yalipotokea. Taa yake, hata hivyo, ilimulika pembe ya kushoto ya skrini mwanzo hadi mwisho. Tulichelewa pia kuanza, jambo ambalo kwa mtu wa mitaa ya Katuba au Kenya hapa Lubumbashi maana yake ni kutafuta teksi usiku kwa bei ya dereva.

Waandaaji wanafikiria kuonyesha baadaye Lady Windermere's Fan ya Ernst Lubitsch, ya mwaka 1925, ambayo iliacha kando maneno ya kuchekesha yaliyoipa sifa tamthilia ya Oscar Wilde na kuweka macho na ishara mahali pake. Hapo noti mbili nzito hazitatosha. Mpiga piano atahitaji wepesi ambao katika Hamlet aliuonyesha kwa vipande tu. Nitakata tiketi, ila nitakaa upande wa kulia, mbali na ile taa.