Uzoefu wangu: data za bure za Nevada Geodetic Laboratory kwa kupima mwendo wa mabamba

Kama unataka kuona jinsi bamba la Juan de Fuca (kipande cha ganda la dunia chini ya bahari ya Pasifiki) linavyobana Amerika Kaskazini huku likizama chini yake, na huna hata kipokezi kimoja cha GNSS (setilaiti za kupima mahali, kama GPS), anzia kwenye tovuti ya Nevada Geodetic Laboratory, maabara ya Chuo Kikuu cha Nevada, Reno. Data ni za bure, na kila kituo kina faili lake la nafasi za kila siku.

Chukua kituo cha ALBH, karibu na Victoria huko Kanada. Pakua faili la tenv3 (jedwali la nafasi za kila siku) lenye fremu ya NA, yaani nafasi zinazopimwa kwa kulinganisha na bamba la Amerika Kaskazini, si la IGS, linalolinganisha na dunia nzima. Hapa wengi hukosea: kwenye IGS bara zima linasafiri, kwa hiyo kituo huonekana kikielekea magharibi, na kule kubanwa unakokutafuta kunafunikwa.

Nafasi ya mashariki imegawanywa safu mbili, mita kamili na desimali zake. Zijumlishe, toa thamani ya siku ya kwanza, zidisha kwa 1000 upate milimita. Kwa vituo vya Japani vilivyosogea mita kadhaa kwenye tetemeko kubwa la tarehe 11 Machi 2011, kusoma safu ya desimali peke yake ni hatari.

Mchoro wa ALBH ni mzuri mno. Unatoka kama meno ya msumeno: kituo kinasogea taratibu kuelekea mashariki, na kila baada ya miezi 14 hivi kinarudi magharibi kama milimita 5 ndani ya wiki chache. Kurudi huko ni mtelezo wa polepole: mabamba yanateleza kama kwenye tetemeko, ila kwa siku nyingi, na aliye juu yake hahisi chochote.

Kabla ya kusherehekea ruko lolote (badiliko la ghafla la nafasi), fungua faili la steps, orodha ya maabara ya siku ambazo ruko linaweza kutokea kwenye kituo. Namba 1 ni kifaa kilichobadilishwa, namba 2 ni tetemeko. Antena mpya huleta ruko la milimita kadhaa ndani ya siku moja. Mtelezo huchukua siku nyingi na huonekana pia kwenye vituo jirani.

Kasi za MIDAS (njia ya maabara ya kukadiria kasi ya kila kituo) zilizokwisha kukokotolewa ni imara, ila kwa Cascadia, eneo hili ambako Juan de Fuca linazama, usizichukue kama kasi ya kubanwa. Zinalinganisha siku zilizoachana mwaka mmoja, kwa hiyo mtelezo umo ndani yake. Chukua vipindi vilivyo kati ya mtelezo mmoja na mwingine, pima mteremko wa mstari wa kila kimoja.

Safu ya wima ina kelele mara tatu hivi kuliko za mlalo, na theluji juu ya antena huiharibu zaidi. Kwa mtelezo wa milimita 5, mimi huitegemea mashariki tu.