Land Rover Series III Iliyokaa Bila Kuwashwa: Mkono Mdogo Unaookoa Betri

Habari zenu watazamaji, na karibuni tena. Leo niko Arusha, na mbele yangu ipo Land Rover Series III ya petroli, chesisi fupi, injini ya lita 2.25 na kabureta ya Zenith, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Mwenyewe huitoa bandani mara chache sana kwa mwaka. Habari za gia na matairi mnazijua, kwa hiyo tufungue boneti moja kwa moja, kwa sababu ninachokipenda kuliko vyote katika gari hili kiko hapa, ubavuni mwa injini.

Tazameni pampu hii ya mafuta. Haitumii umeme, inasukumwa na kemushafti, yaani mhimili wenye vinundu (kemu) ndani ya injini, injini inapozunguka. Gari likikaa muda mrefu, petroli iliyomo katika chemba ya boya, kile kijichumba cha kuhifadhi petroli ndani ya kabureta, hukauka kupitia tundu la hewa, na ile iliyobaki kwenye bomba nayo huweza kurudi kwenye tangi. Hapo ndipo watu wengi hukosea: hushikilia ufunguo, starta inazunguka mpaka inapata moto, na betri ambayo tayari ilikuwa dhaifu kwa kukaa inakufa kabla tone la petroli halijafika kwenye kabureta. Inaniudhi sana kuona betri nzuri ikiharibiwa hivyo, ilhali waliolibuni gari hili walikwisha kutupatia dawa.

Dawa yenyewe ni huu mkono mdogo wa chuma chini ya pampu. Sogeza kamera karibu, tafadhali. Ninaupandisha na kuushusha polepole, na mwanzoni ni mwepesi kwa sababu pampu inavuta hewa tupu. Sasa angalieni kikombe hiki cha kioo: petroli imeanza kuingia, inapanda, na kioo kinatuonyesha pia kama imebeba maji au uchafu. Ninaendelea mpaka mkono unalegea, dalili kwamba chemba ya boya imejaa na sindano yake, inayopandishwa na boya, imefunga njia ya petroli. Kama mkono wa pampu yako ni mlegevu tangu mwanzo na kikombe hakijai, usiilaumu pampu haraka. Huenda kemu imeusukuma wenzo wa ndani hadi mwisho. Hakikisha gia iko huru, zungusha injini kidogo kwa hendeli, yaani chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, kisha jaribu tena. Kikombe kikiendelea kuwa kitupu, kagua gasketi yake, kwani ikikauka pampu hunyonya hewa badala ya mafuta.

Kabla ya kuwasha, ninapitisha macho kwenye kila unganisho la bomba kuona kama pana uvujaji, na ninanusa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikinuka petroli, huenda dayaframu, yaani utando wa ndani ya pampu, imepasuka na petroli inashukia kwenye oili, na injini hiyo haifai kuwashwa hata kidogo. Nawaomba pia muache ile tabia ya kumimina petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mwenzako akizungusha starta. Injini ikirudisha moto, utaungua uso, na gari litaungua pia.

Sasa ninavuta choki, inayopunguza hewa ili injini baridi ipate petroli zaidi, ninakanyaga pedali ya mafuta mara mbili ili pampu ndogo ya kabureta irushe petroli, kisha ninageuza ufunguo. Sikilizeni! Imewaka kwa mzunguko mfupi tu. Choki ninairudisha hatua kwa hatua kadiri injini inavyopata joto, na hapa Arusha, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, hewa ni nyepesi, hivyo choki ikiachwa nje muda mrefu petroli huzidi na plagi huloa. Zikiloa, rudisha choki yote, kanyaga pedali hadi chini bila kuipampu, kisha zungusha.

Najua wapenzi wa Toyota wataniambia kwamba magari yanayorusha petroli kwenye injini kielektroniki, bila kabureta, hujaza bomba yenyewe ukifungua ufunguo tu. Ni kweli, na kwa kazi ya kila siku ningechukua hayo. Lakini betri ikifa kabisa, hayo hayana hendeli, na hili lina tundu lake hapa mbele. Ukiitumia, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine na uivute kwenda juu, kwa sababu ikipiga nyuma inaweza kuvunja mkono.

Bei zake nazo zinazidi kupanda. Ukienda kununua, usikubali kukuta injini tayari ina moto. Omba uikute baridi. Na ukinunua pampu mpya, hakikisha ina mkono na kikombe cha kioo, maana zipo za bei nafuu zisizo navyo. Video ijayo nitaifungua kabureta hii na kusafisha jeti zake, yaani vitundu vyake vya kupitishia petroli, kwa hiyo jiandikisheni kwenye chaneli, na mwenye swali kuhusu pampu aliandike hapo chini nilijibu.