Kijitabu cha maswali ya umeme: hesabu safi, maneno yenye utata

Kijitabu hiki cha mazoezi ya fizikia, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule bila jina la mwandishi kwenye jalada, kimekusanya maswali ya umeme kwa Kiswahili. Hilo linapendeza, kwa kuwa wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hufundishwa somo hili kwa Kiingereza, ilhali wakijadiliana wenyewe hurudi kwenye Kiswahili. Sura ya kanuni ya Ohm imepangwa vizuri. Kasoro iko katika sura ya ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu huzuia umeme kupita, kinachopimwa kwa omu, ambamo baadhi ya maswali yanasomeka kwa njia zaidi ya moja, huku ukurasa wa majibu ukitoa namba moja pasipo maelezo.

Swali mojawapo linasema kwamba waya wenye ukinzani wa omu 12 umekunjwa kuwa duara, kisha linataka ukinzani kati ya nukta mbili za duara hilo. Jibu lililochapishwa ni omu 3, nalo ni sahihi endapo nukta hizo zinatazamana kwenye ncha za kipenyo, kwa maana kila upande una omu 6 na pande zote mbili zimeungana sambamba, yaani umeme una njia mbili za kupita kwa wakati mmoja. Hata hivyo, mwanafunzi aliyeziweka nukta zake umbali wa robo ya mzingo atakuwa na omu 3 sambamba na omu 9, naye atapata omu 2.25 bila kukosea popote. Mchoro mdogo tu ungemaliza ubishi.

Jingine linaeleza kuwa urefu wa waya umefanywa kuwa mara mbili, kisha linauliza ukinzani utakuwa mara ngapi. Waya ukivutwa, ujazo wake haubadiliki, kwa hiyo eneo la mkato hupungua hadi nusu na ukinzani huwa mara nne. Ukichukuliwa waya mwingine mrefu zaidi wenye unene uleule, ukinzani huwa mara mbili tu. Kijitabu kinajibu mara nne, wala neno "kuvuta" halimo.

Swali linalotaka ukinzani wa balbu ya nyuzi, wati 60 kwa volti 240, ndilo lililonivutia zaidi. Jibu la omu 960 ni la balbu inayowaka. Ikiwa imezimwa na kupoa, mita ya fundi itaonyesha ukinzani mdogo mno kuliko huo, kwa sababu ukinzani wa tangsteni, metali ya nyuzi hizo, hupanda pamoja na joto. Kwa sababu hiyohiyo, wati 15 ambazo kijitabu kinazitaja kwa balbu hiyo ikiunganishwa na volti 120 ni chini ya zile itakazotumia kwa kweli, kwani nyuzi zake zitapata joto dogo zaidi na ukinzani wake utakuwa chini ya omu 960.

Mwalimu atapata humu mada nzuri za mjadala darasani, na kwa kazi hiyo ninakipendekeza. Anayejisomea peke yake asikinunue mpaka litoke toleo lenye michoro na majibu yanayoonyesha njia.