Mzoa taka wa Java na kiti namba 14

Nimeandika programu kwa Java miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ningemsifu mbele ya mtu yeyote mzoa taka wake, yaani sehemu ya Java inayofagia vitu vilivyoachwa na programu kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hasira yangu ilianzia kwenye kiti namba 14 cha basi la kwenda bara, msimu mmoja wa mwisho wa mwaka, wakati kila mtu alitaka kusafiri siku moja.

Mfumo wetu wa kukatisha tiketi ulikuwa na seva mbili. Seva inayouza kiti hukifunga kwanza kwa kufuli la sekunde 10 ili mwenzake asikiguse. Sekunde hizo zikipita bila habari, kufuli hufunguka lenyewe, kwa kudhaniwa kwamba aliyelishika amekufa. Jioni hiyo seva ya kwanza ilishika kufuli, ikahakikisha kwamba kiti kiko wazi, na papo hapo mzoa taka akaisimamisha programu nzima ili apitie kumbukumbu yote. Alifagia kwa sekunde 13. Seva ya pili ikakuta kufuli limeachiwa, ikamuuzia kiti mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Kisha ile ya kwanza ikazinduka, na kwa kuwa programu iliyosimamishwa haina habari kwamba ilisimama, ikaendelea pale pale ilipokuwa imefika na kumuuzia kijana kiti kile kile. Karani akanipigia simu: "Kaka, huku wawili wana tiketi za kiti kimoja. Nimshushe nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimlaumu kila mtu, hata marehemu John McCarthy, aliyebuni utaratibu huu kwa ajili ya lugha ya programu ya Lisp mwaka 1959. Mtaalamu tuliyemlipa aliitazama skrini kwa dakika chache, bila hata kuuliza tunauza nini, akasema, "Ongezeni RAM," akaondoka. Tukaongeza kumbukumbu hiyo. Kumbukumbu ilichukua siku nyingi zaidi kujaa, lakini ilipojaa, ufagiaji ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza, maana vitu vya kupitia vilikuwa vingi zaidi. Kama ningeandika maoni haya wiki hiyo, nisingempa nyota hata moja.

Tatizo ni kwamba baadaye nilikagua kilichomo ndani ya kumbukumbu. Zaidi ya nusu ilikuwa imekaliwa na orodha moja niliyoiandika mimi mwenyewe, iliyohifadhi kila utafutaji wa kila abiria ili majibu yarudi haraka, na ambayo sikuwahi kuandika mstari wa kuipunguza. Mzoa taka huondoa tu kile ambacho programu haina tena njia ya kukifikia. Amepangwa kwa kutegemea kwamba vitu vingi hufa vikiwa vichanga. Vyangu vilikataa kufa, vikazeekea mle ndani, naye akawa anavikagua kimoja kimoja bila ruhusa ya kukitupa hata kimoja.

Kwa hiyo namwomba radhi, lakini si radhi kamili. Kusema kwamba huyu anakuondolea wasiwasi wa kumbukumbu ni kumdanganya kijana anayejifunza. Hata zile milisekunde 200 ambazo G1, mmoja wa wazoa taka wa Java, hujiwekea kama muda wa juu wa kuisimamisha programu ni lengo tu, wala si ahadi. Sirudi kwenye lugha ya C, ambako mwandishi wa programu huachilia kumbukumbu mwenyewe na ambako niliwahi kuachilia kipande kimoja cha kumbukumbu mara mbili na kukesha nikitafuta kosa, ila huko angalau nilijua wa kulaumiwa ni nani.

Sasa tunatumia ZGC, aina nyingine ya mzoa taka wa Java, iliyothibitishwa kwa matumizi ya kawaida tangu Java 15 ya mwaka 2020, ambayo hufagia huku programu ikiendelea na shughuli zake. Inakula prosesa na kumbukumbu zaidi, na ninailipia bila kunung'unika. Kufuli, hata hivyo, siliamini tena: hifadhidata yenyewe ndiyo inayokataa tiketi ya pili ya kiti kile kile. Karani naye haamini ZGC wala hifadhidata. Bado anaandika namba za viti kwenye daftari, na kila mwisho wa mwaka hunipigia tulinganishe.