Fundi wa rejeta wa Shimanzi aliyeiponya Datsun ya ami

Ijumaa moja ya mwezi wa Machi, kwenye foleni ya feri ya Likoni, Datsun 240Z niliyoachiwa na ami yangu ilitema maji yake yote mbele ya tuktuk na matatu zilizojipanga. Ni ya mwaka 1972, silinda sita, lita 2.4. Datsun za aina hii ndizo zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann, na tena 1973 kwa Shekhar Mehta. Ami hakuchoka kunisimulia ushindi wa Mehta, kwa hivyo kuona moshi ule ukipanda kutoka kwenye boneti kuliniuma kama vile nimemvunjia ahadi.

Gereji niliyoipeleka kwanza, ambayo sitaitaja, ilitoa themostati na kuniambia sasa maji yatapita bila kizuizi. Wiki iliyofuata gari likachemsha tena, mara hii kwenye mpando wa Mazeras. Ushauri huu wa kutoa themostati umezagaa sana hapa Mombasa, na wenye magari ya zamani naomba wauache. Kazi ya themostati ni kuifikisha injini kwenye joto lake, nyuzi 82 kwa gari langu, kisha kufungua njia. Kama rejeta haiwezi kutoa joto, kuiondoa themostati hakuiongezei rejeta nguvu yoyote. Asubuhi injini inakawia kupata moto, inakula petroli na kulika bure, na kwenye mpando bado inachemsha.

Jirani yangu ndiye aliyenielekeza Shimanzi, kwa mzee mmoja anayefanya rejeta peke yake kwenye banda la mabati. Nilimwamkia, akaniitikia, na kabla hajafungua boneti akaniuliza, "Mwanangu, linachemsha likisimama au likikimbia?"

Miaka miwili ya mafundi, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia yote mawili. Akasema basi maradhi ni mawili. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likishika kasi limekosa upepo, yaani tazama feni. Linalochemsha likikimbia au likipanda mlima, mara nyingi maji hayapiti vizuri ndani ya rejeta.

Alianza na hofu yangu kubwa, gasketi ya hedi, ile inayozuia moshi wa injini usiingie kwenye maji. Ana kifaa chenye maji ya buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikinguruma. Yakigeuka manjano, moshi wa injini unaingia kwenye maji. Yalibaki buluu. Nusura nimkumbatie. Kisha akapitisha kipimajoto cha kulenga juu ya uso wa rejeta, sehemu baada ya sehemu, akanionyesha namba. Upande mmoja ulikuwa wa moto, na pale katikati palikuwa pamepoa kabisa. Hapo, akasema, mirija imeziba.

Alipoyeyusha lehemu na kulibandua tangi la juu, niliona kwa macho yangu. Mirija ilikuwa na ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Ni maji ya kisima. Visima vyetu vya kisiwani vina chumvi, sote twajua tukioga, lakini tukikwama njiani twamimina yale yale kwenye injini. Rejeta hii ya zamani ni ya shaba, kwa hivyo inazibulika: alipitisha vyuma vyembamba kwenye kila mrija, akaosha, akalehemu upya, akaijaza hewa na kuizamisha kwenye pipa la maji kutafuta mapovu. Rejeta za siku hizi zenye matangi ya plastiki hazifanyiwi hivi, kwa hivyo ukiwa na ya shaba usikubali kuitupa.

Kuhusu upepo, gari langu halikuwa na kava ya feni. Feni ilikuwa ikizungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti badala ya kuivuta kupitia rejeta. Akakata bati, akakunja kava ambayo feni inakaa nusu ndani yake, na kuziba kwa mpira pengo la ubavuni ambamo hewa ilikuwa ikitorokea. Themostati ya nyuzi 82 ikarudi mahali pake. Kofia ya rejeta nayo ilikuwa imekauka mpira, akanituma nikanunue nyingine ya mgandamizo wa pauni 13 kwa inchi ya mraba. Wengi huidharau kofia. Hapa pwani maji ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100, lakini yakibanwa na kofia nzima kama hiyo huvumilia hadi karibu 120. Kofia mbovu inakunyima nafasi hiyo yote.

Nililipa shilingi 11,500 kwa M-Pesa, kava ikiwemo. Kwa kazi ile naona ni bei ya haki. Ila aliniahidi siku mbili zikawa sita, na simu alikuwa hashiki. Risiti hana. Klipu za hosi alizofunga zilikuwa nyembamba, moja ikaanza kuvuja siku ya tatu nikabadilisha zote mwenyewe. Kwa hayo nampa nyota nne, si tano.

Tangu hapo natumia kulanti, ile dawa ya rejeta, nusu na maji ya betri nusu, na nimefunga geji ya namba kwa sababu ile ya kiwandani huchelewa kukuonya. Ijumaa iliyopita nilikaa dakika arubaini kwenye foleni ya Likoni, jua la saa tisa, injini ikinguruma. Ilipanda hadi 93, feni ikaivuta hadi 90, ikatulia hapo. Jumapili nikapanda Mazeras hadi Mariakani bila kupumzika, na haikuvuka 95.

Hosi ya chini imeanza kulainika, na mzee alinionya kwamba hosi laini hunywea pampu ikivuta kwa kasi, maji yakakatika. Nitamrudia nayo kabla joto la kaskazi halijaanza. Ukienda kwake, nenda mapema asubuhi injini ikiwa baridi, maana ya moto haigusi mpaka ipoe.