Mrejesho: pangaboi la umeme wa upepo wati 400, miezi kumi na moja juu ya nguzo, Singida

Habari zenu wakuu. Nilisema nitaleta mrejesho wa lile pangaboi la umeme nililonunua Dodoma mjini mwaka jana, nimechelewa kwa sababu hapo katikati kijiji chetu kimeingia kwenye mjadala wa mapangaboi makubwa, yale ya kampuni inayotaka kufua umeme wa upepo hapa kwetu, na hili langu likageuka shahidi bila kuitwa. Kwa hiyo mnivumilie, nitachanganya yote mawili.

Mzigo wenyewe kwanza. Ni la wati 400, voti 12, mapanga matano ya plastiki ngumu, ukilipima upana likizunguka ni kama mita moja na robo, na kontrola yake, kile kidude cha kuongoza chaji iendayo kwenye betri, imo ndani ya boksi. Muuzaji alianzia laki nane, tukavutana tukafika laki sita na themanini. Nguzo hawatoi, nikachomelewa bomba la inchi mbili la mita sita na fundi wa hapahapa, na nyaya tatu za chuma za kulishikilia. Betri nilikuwa nayo ya sola. Kuna atakayeuliza kwa nini nisingeongeza sola tu, jamani sola ninayo, ila huku Singida kiangazi upepo unapiga mpaka unakuvua kofia na unapiga hata usiku wa manane wakati sola imelala, sasa kuuacha upite bure roho iliniuma.

Ile "wati 400" iliyoandikwa kwenye boksi ndo watu wengi wanapigwa hapo. Hizo wati ni za upepo mkali wa kama mita 12 kwa sekunde, upepo wa kung'oa bati lililopigwa misumari michache. Umeme wa upepo haupandi kidogo kidogo, kasi ya upepo ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nane, na ikishuka nusu ndo hivyohivyo unarudi kinyumenyume. Kwa upepo wa kawaida wa jioni mimi nasoma kwenye mita wati 20, siku nzuri 30. Usiku wenye upepo wa kueleweka nimewahi kuona 180 na kitu, nikamwita mke wangu aje aone na yeye akaniuliza kama nimekula. Ila hizo 20 zikipita usiku kucha ni taa zote, redio, simu za nyumba nzima, asubuhi betri haijalia. Kwa hilo silalamiki.

Nililoharibu mimi mwenyewe ni kulifunga karibu na nyumba. Nguzo niliisimika hatua sita kutoka dirisha la chumbani, na upande wa pili kuna uzio wa minyaa halafu nyumba ya bibi jirani. Fundi alisema weka karibu uokoe waya, nikaona ana akili. Wiki ya kwanza hamna shida, upepo ulikuwa mdogo. Wiki ya pili ukaja wenyewe. Asikwambie mtu, lile pangaboi likikolea linapiga filimbi, halafu bomba lenyewe linapokea mtetemo linauteremsha mpaka ardhini, ukilaza kichwa kwenye mto unasikia kama kuna gari limeegeshwa uani na dereva kagoma kuzima injini. Na jioni jua likiwa chini kivuli cha mapanga kinapita kwenye ukuta wa bibi, kinapita, kinapita, kuku wake wakakataa kuingia bandani. Bibi akaja asubuhi, tukasalimiana vizuri tu, akakaa, akanywa chai yangu, akamaliza, ndo akasema, "Mjukuu wangu, umeninunulia ndege isiyotua."

Sasa wiki hizohizo ndo kampuni ikaja. Walikuwa wameshasimika mlingoti wa kupimia upepo upande wa machungani, ule mrefu mwembamba wenye vikombe vinavyozunguka juu, watu wakajua ni mnara wa simu. Ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji, mtaalamu akaeleza vizuri sana, picha, umeme wa gridi, barabara, ajira. Vijana wakapiga makofi. Akainuka mzee mmoja akauliza kitu kimoja tu: hayo mapangaboi yatakaa umbali gani na nyumba ya mtu? Jibu likawa "tutafuata viwango vya kimataifa". Viwango vipi, mita ngapi, hakusema. Mzee akarudia. Mtaalamu akarudia. Hapo kikao kikachemka.

Na mimi nilivyoanza kufuatilia nikagundua hivyo "viwango vya kimataifa" kila nchi ina chake. Poland mwaka 2016 waliweka sheria kwamba umbali uwe mara kumi ya urefu wa mtambo, miradi ikakwama, 2023 wakalegeza ikawa mita 700. Kwetu hapa kuna wanaosema mita 300, wengine 500, kuna mzee kang'ang'ana na kilomita moja, na vijana wanasema mkiweka kilomita kampuni inaondoka mnabaki na mlenda wenu. Hoja zote zina kichwa na miguu kwa kweli. Mnara mkubwa peke yake unavuka mita 80 kwenda juu, hiyo hujaweka mapanga, sasa usinilinganishie na bomba langu la mita sita.

Kilichofuata sikukipanga. Jioni ya siku hiyo wazee saba na mwenyekiti wakaja kwangu kusikiliza. Nikawapa viti, upepo ulikuwepo, tukakaa kimya kabisa watu wazima tisa tunasikiliza pangaboi. Mmoja akatembea kuelekea barabarani anahesabu hatua, akafika arobaini akapunga mkono kwamba hasikii tena. Wakataka kuandika kwenye muhtasari kwamba hatua arobaini zinatosha. Nikawakatalia, nikasema wazee wangu hili ni toto, linapiga filimbi nyembamba, yale makubwa yanazunguka taratibu na mlio wake ni mzito, vuuu, vuuu, unasafiri mbali hasa usiku, huwezi kupima lori kwa kusikiliza bodaboda. Anayetaka kusikia lenyewe apande basi aende Mufindi, kule Mwenga yapo matatu tangu 2020, jumla megawati 2.4, akasimame chini yake ndo aje kutunga sheria ndogo.

Nirudi kwenye mrejesho maana hapa ndo kuna somo la hela. Niliamua kulihamisha mpaka hatua arobaini. Kumbe voti 12 hazipendi safari, ukivuta waya mwembamba umeme unaishia njiani, na waya mnene wa kutosha, nyuzi tatu kwa urefu ule, dukani walinipigia hesabu ikazidi bei ya pangaboi lenyewe. Nilikaa chini. Yaani umbali ni pesa, na kumbe ndo maana yule mtaalamu hakutaka kutaja mita, kila mita anayosogea mbali na kijiji kuna mtu ofisini inamuuma kama mimi ilivyoniuma pale kaunta. Ndo maana mi nipo upande wa wanaotaka namba iandikwe mapema, kwenye sheria ndogo ya kijiji ipitishwe na halmashauri ya wilaya, sio ahadi ya mdomo. Nguvu tunayo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa itoke mikononi mwa kijiji ni mkutano mkuu wa kijiji unaokubali au kukataa, ikizidi hapo ndo inaenda kwa Waziri. Na iandikwe pia likizeeka baada ya miaka ishirini na kitu nani analishusha, maana chuma kile hutakivuta kwa punda. Wenzetu Kenya pale Kinangop waliacha maswali ya hivi yaive mpaka wakulima wakaandamana, mradi wao wa umeme wa upepo ukafa 2016, aliyewekeza kakosa na kijiji kimekosa.

Mimi nililimaliza langu kwa akili ya fundi mwingine: betri, kontrola na inveta, ile ya kugeuza voti 12 kuwa 230, tukazihamishia kwenye kibanda kidogo chini ya nguzo hukohuko hatua arobaini, halafu nyumbani nikaleta umeme wa voti 230 kwa waya wa kawaida wa 2.5. Imetoka bei nafuu na tunalala. Bibi sasa anachajia simu kwangu, na upepo ukikata anatuma mtoto kuuliza mbona leo halizunguki.

Makasoro mengine: kontrola iliyokuja nalo imeungua mwezi wa tano, dukani wakaniambia waranti ni ya pangaboi sio ya kontrola, nunueni nyingine siku hiyohiyo. Breki ya umeme haishiki upepo ukichachamaa, mi nalivizia nalifunga kamba. Beringi zimeanza kukoroma mwezi wa tisa, vumbi la huku sio la mchezo. Nalipa nyota tatu kati ya tano, nne kama una nafasi ya kuliweka mbali, moja kama unaishi mjini umebanana na majirani.

Mkutano wa pili umesogezwa mpaka watu wamalize kupura alizeti. Mwenye beringi 6203 orijino hapa Singida au Manyoni anishtue, za mchina nimebadilisha mara mbili.