Nimesomea haki za binadamu na uhalifu wa kimataifa: uzoefu wangu, na kilichonikera

Kila mtu akijua nimesomea usalama wa dunia, haki za binadamu na uhalifu wa kimataifa, huuliza swali lile lile: inafaa? Kwa muda mrefu nilikuwa najibu "ndiyo, nenda," basi, kwa sababu jibu refu linanipandisha presha. Leo natoa jibu refu. Orodha ya masomo na sifa za kujiunga utazipata kwenye tovuti ya chuo chochote kinachofundisha mambo haya, kwa hiyo hayo nayaruka. Chuo changu sikitaji, wala mhadhiri ninayekuja kumsema simtaji, ingawa ulimi unaniwasha.

Mwaka wa pili, kuelekea mwisho wa muhula, tulikuwa na mahakama ya kuigiza. Darasa linageuzwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ICC ya The Hague. Kuna upande wa mashtaka, upande wa utetezi, wawakilishi wa waathiriwa, na mhadhiri ndiye jaji. Alama zake ni nyingi, na ndicho kitu ambacho vipeperushi vya kozi vinajisifia kuliko vyote. Kesi tuliyopewa ilikuwa ya kubuni, lakini asiyeiona kesi ya Dominic Ongwen ndani yake alikuwa amelala muhula mzima: kamanda wa waasi anashtakiwa kwa mauaji, utumwa na kutumikisha watoto vitani, naye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto. Kura ikaniangukia upande wa utetezi.

Wenzangu wakanipa pole. Mimi nilifurahi, maana hapo ndipo penye kazi. Kumlaani muuaji hakuhitaji shahada. Kazi ni kusimama na kuuliza sheria inamtazamaje mtu aliyewafanyia wengine kile alichofanyiwa yeye. Ongwen halisi alitekwa na waasi wa Lord's Resistance Army kaskazini mwa Uganda akiwa njiani kwenda shule, akakulia msituni, akapanda vyeo. Februari 2021 alitiwa hatiani kwa makosa 61, na miongoni mwake yamo ya kuingiza watoto kwenye vita. Mawakili wake walileta hoja mbili kubwa, kwamba akili yake iliharibika, na kwamba alitenda kwa kulazimishwa. Majaji wakazikataa zote mbili. Lakini walizisikiliza jamani! Wakasikiliza wataalamu wa afya ya akili wa pande zote, wakaandika hukumu ya kurasa zaidi ya elfu moja, na walipofika kwenye adhabu wakasema utoto ule lazima uhesabiwe. Wakampa miaka 25 badala ya kifungo cha maisha.

Basi nikajiandaa kwa hoja ya kulazimishwa. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Roma, ule ulioianzisha ICC, haina huruma hapo. Kitisho kiwe cha kifo au cha madhara makubwa ya mwili, na kiwe kiko karibu kutokea au kinaendelea. Mshtakiwa awe ametenda lile tu lililohitajika na linaloeleweka ili kukikwepa. Tena asiwe amekusudia kuleta madhara makubwa kuliko yale aliyoyakimbia. Nilijua hilo la mwisho ndilo litakalonipiga, nikakesha kulitafutia majibu.

Upande wa mashtaka ukazungumza, ukapitisha muda wake, jaji wetu akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Zamu yangu ikafika. Sijamaliza sharti la kwanza, akanikata.

"Binti, una mdogo wako wewe?"

Nikadhani ni swali la kijaji. Nikajibu, "Ninaye, Mheshimiwa."

"Angechukuliwa yeye, ungekuja kutusomea hizo ibara?"

Darasa likaangua kicheko. Nikasema, "Mheshimiwa, mshtakiwa naye alichukuliwa, na hiyo ndiyo hoja yangu." Nadhani hapo ndipo nilipomgusa pabaya, kwa sababu sura ilibadilika.

"Keti, binti. Waathiriwa wamekuvumilia vya kutosha."

Waathiriwa! Waathiriwa walikuwa wanafunzi wenzangu wa mstari wa mbele, mmoja wao alikuwa anachezea simu chini ya meza. Nikaketi. Muda wangu haukuwa umefika hata nusu. Kwenye karatasi ya alama, baada ya kukesha kote kule, nikakuta ameandika: "Hoja dhaifu kimaadili." Hakuna kingine. Hakuonyesha sharti lipi nimelikosea, wala ibara ipi nimeisoma vibaya. Kimaadili!

Sasa niambieni. Mtu huyu huyu, wiki chache kabla, alitufundisha Ibara ya 66, kwamba mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akatufundisha Ibara ya 67, haki ya kupewa muda na nyenzo za kutosha kuandaa utetezi. Alitusimulia kwa mbwembwe jinsi ICC ilivyosimamisha kesi yake ya kwanza kabisa, ya Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Kongo, mwaka 2008, kwa sababu waendesha mashtaka walikuwa na ushahidi ambao ungeweza kumsaidia mshtakiwa na hawakumpa. Mtu anatuhumiwa kuingiza watoto jeshini, na majaji wanasema kesi haiendi mbele hivi. Ilipoendelea baadaye alitiwa hatiani, 2012, akapewa miaka 14. Mhadhiri alituambia uamuzi ule wa kusimamisha ndio ulioipa mahakama heshima. Niliandika maneno hayo kwenye daftari nikayapigia mstari. Kumbe yalikuwa ya kujibia mtihani tu.

Ya darasani pengine ningeyameza. Wahadhiri nao ni watu, siku mbaya zipo. Nikaamua kufuata utaratibu, kwa sababu kozi nzima inakufundisha kufuata utaratibu. Nikajaza fomu ya malalamiko. Fomu inasema ipelekwe kwa mratibu wa kozi. Mratibu wa kozi ni nani? Yeye. Nikamwuliza katibu wa idara kama kuna mlango mwingine, akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Mdogo wangu, utashindana na huyu halafu umalize lini?" Nikaipeleka hivyo hivyo. Jibu likaja kwa barua pepe fupi: suala limepitiwa, alama inabaki kama ilivyo. Nikauliza limepitiwa na nani. "Na mwalimu husika."

Jean-Pierre Bemba, aliyekuwa makamu wa rais wa Kongo, alihukumiwa na ICC miaka 18 mwaka 2016, akakata rufaa, na Juni 2018 majaji wengine, si wale waliomhukumu, wakamwachia huru. Unaweza kuupenda uamuzi ule au kuuchukia, na darasa letu liligawanyika vibaya sana juu yake, lakini walau faili lilisomwa na macho mengine. Rufaa ile ingepita kwenye idara yetu, Bemba angebaki ndani, na barua pepe ya mistari miwili mkononi.

Baada ya hapo kila somo nililisikiliza kwa sikio jingine. Nadharia za usalama, kwa mfano, zilinichosha tangu mwanzo, nyingi ni kubishana nani ana nguvu kuliko nani kwa maneno marefu. Lakini tulipofika kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa nikaamka. Baraza linaweza kupeleka suala la nchi ICC hata kama nchi hiyo haijajiunga na Mkataba wa Roma. Lilifanya hivyo kwa Darfur mwaka 2005, kwa azimio namba 1593, na kwa Libya mwaka 2011. Wanachama watano wana kura ya turufu, na watatu kati yao, Marekani, Urusi na China, wenyewe hawajajiunga na mahakama hiyo. Wana uwezo wa kumpeleka jirani mahakamani, na wana uwezo wa kuzuia rafiki asipelekwe. Wenzangu walishangaa. Mimi sikushangaa, nilishawahi kupeleka fomu kwa mratibu wa kozi.

Somo la haki za binadamu lilinipa kitu ambacho mpaka leo sijakiacha, kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, iliyosikilizwa Arusha na mahakama ya kimataifa ya Rwanda. Hukumu ya Septemba 1998 ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ndiyo iliyosema ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji hayo. Wengi huishia hapo. Kilichonikamata mimi ni kwamba makosa ya ubakaji hayakuwemo kwenye hati ya mashtaka mwanzoni. Mama mmoja akiwa anatoa ushahidi wa mambo mengine alizungumzia kubakwa kwa binti yake. Majaji wakauliza zaidi. Uchunguzi ukafanyika, na mwaka 1997 hati ikarekebishwa. Laiti jaji angesema "keti, mama," sheria ya dunia ingechelewa miaka mingapi?

Ila mjue, kusoma ushahidi wa namna hiyo usiku, peke yako, ukurasa baada ya ukurasa, kunaacha kitu. Hakuna aliyetutayarisha. Kuna mwenzetu aliacha kozi kimya kimya, na idara ikamwandikia kumkumbusha ada.

Nisiwe mchoyo. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa mpelelezi kabla ya kufundisha, na somo lake la usafirishaji haramu wa binadamu ningelirudia hata bila alama. Alianza na Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara hiyo. Kosa lina sehemu tatu: tendo, kama kumsafirisha au kumpokea mtu, njia, kama vitisho au udanganyifu, na lengo, ambalo ni unyonyaji. Kisha akatutegea mitego. Binti amekubali mwenyewe kusafiri, kazi anaijua, akifika ananyang'anywa pasi na kufungiwa ndani. Je, ridhaa yake ina uzito? Darasa likasema ndiyo, alikubali. Akatuacha tubishane mpaka tukagundua wenyewe kwamba udanganyifu ukishaingia, ridhaa haina kazi. Akabadilisha: sasa ana miaka 15. Hapo huhitaji hata kuthibitisha njia, tendo na lengo vinatosha. Kisha akatutenganishia na magendo ya wahamiaji, ambapo mtu analipia avushwe mpaka, na kosa ni dhidi ya sheria za nchi. Wanahabari wanavichanganya hivi kila siku, na tangu nimalize kozi siwezi kusoma habari hizo bila kunung'unika.

Yeye ndiye pia aliyetutoa ushamba kuhusu notisi nyekundu ya INTERPOL, shirika la kimataifa la polisi. Wote tuliamini ni hati ya kukamatwa ya dunia nzima. Wala. Ni ombi kwa polisi wa nchi wanachama wamtafute mtu na kumshikilia kwa muda, na kila nchi inaamua kwa sheria zake ilipe uzito gani. Ukikosea kwenye darasa lake alikuwa anasema, "Haya, endelea, halafu?" Unaendelea, unafika ukutani mwenyewe, unarudi. Hata ukimtetea shetani alikuwa anakuacha umalize sentensi.

Jambo jingine ambalo wanaokuandikisha hawalitaji kwa sauti: hii si shahada ya sheria. Inachanganya siasa, sheria, jinai na sosholojia, kila kimoja kidogo. Kama ndoto yako ni kusimama mbele ya majaji wa The Hague ukiwa wakili au mwendesha mashtaka, soma sheria kwanza, kisha hii iwe ya pili. Ukitaka utafiti, mashirika ya haki, kazi za wakimbizi au uchambuzi wa usalama, inakupeleka.

Kwa hiyo inafaa? Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeipa nyota tatu kwenye tano, nikijiona muungwana. Nikifika kwenye ile barua pepe ya "mwalimu husika" naona hata mbili ni nyingi. Chuo kinachofundisha haki ya kusikilizwa halafu kinampa mlalamikiwa faili lake mwenyewe alitolee uamuzi, hicho mimi nisikipe hata moja. Lakini nikisema usiende, nitakuwa nimekunyima yule mama wa Palermo, na hilo moyo unakataa. Nenda. Ila chagua chuo kwa walimu, tafuta waliomaliza wakwambie nani anamwacha mwanafunzi azungumze. Na kabla hujalipa ada waulize kwa maandishi malalamiko ya alama yanasikilizwa na nani. Wakijibu "mratibu wa kozi," uliza tena mratibu anafundisha somo gani.